Muulize Fundi wa Projekta: Mkono Kwanza, Umeme Baadaye

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba bado ninazo projekta mbili nzima chini ya kitanda changu hapa Kikwajuni, barua hazinipi nafasi. Kumbe visiwa hivi vimejaa mashine za sinema zilizolala: stoo za skuli, dari za nyumba za Mji Mkongwe, hata banda la kuku kule Micheweni. Nimechagua barua sita. Walioniuliza bei sikuwajibu. Mimi fundi, si dalali.

Picha inaruka, midomo haifuatani na maneno

*Maalim Fundi, assalaam alaykum. Nasomesha skuli moja Wete. Stooni tumekuta projekta ya milimita 16, Bell & Howell, ile inayojivutia filamu yenyewe. Ikianza inakwenda vizuri dakika mbili tatu, halafu inapiga kelele taka-taka-taka, picha inaruka, na watu wakisema midomo yao haiendi na maneno. Nikiisimamisha nikapanga filamu upya, inapona, kisha inarejea pale pale. Je, mota imechoka?*

Waalaykum salaam, mwalimu. Mota iache, haina kosa. Kinachokusumbua ni kitanzi.

Filamu ndani ya mashine ina mienendo miwili. Kwenye magurudumu ya meno inakwenda mfululizo, haisimami. Lakini mlangoni, mbele ya taa, kila picha lazima itulie kidogo ionekane, kisha ukucha wa chuma uivute ipishe nyingine, mara 24 kwa sekunde. Kitu kinachokwenda mfululizo ukikifunga moja kwa moja na kitu kinachokwenda kwa kusitasita, filamu itachanika. Kwa hivyo juu ya mlango na chini yake filamu huachwa ilegee, ifanye kitanzi. Ukucha ukikosa tundu la ubavuni mwa filamu, gurudumu la chini haliujui msiba huo, linaendelea kuvuta tu. Kitanzi cha chini kinaliwa, filamu inakazana, na hapo ndipo unapousikia huo mlio wako.

Midomo nayo ina sababu hiyo hiyo. Sauti ya filamu ya milimita 16 haikuandikwa ubavuni mwa picha yake, imetangulia picha 26, kwa kuwa taa inayosoma sauti iko mbele kidogo ya mlango. Mashine inategemea urefu wa kitanzi ubaki ule ule. Kitanzi kikifupika, hesabu imeharibika, na mtu anafunga mdomo huku neno linatoka.

Sasa kazi. Chomoa waya ukutani. Sikusema zima, nimesema chomoa. Tafuta kile kirungu cha kuzungushia kwa mkono, kizungushe polepole, na utege sikio. Mashine nzima inazunguka laini, kama cherehani iliyotunzwa. Ukihisi inagoma mahala pamoja kila mzunguko, au ukisikia ko, ko, ko, chukua tochi umulike gia ya plastiki yenye uzi kama wa skrubu, inayoendesha ukucha na shata, yaani kile kibawa kinachokata mwanga. Katika mashine nyingi za aina yako gia hiyo hupasuka kwa uzee tu, hata kama mashine haikutumika. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usiiwashe tena mpaka upate nyingine. Mafundi wa nje bado wanazitengeneza.

Kama gia ni nzima, fanya jaribio moja ambalo wengi hawalifanyi kwa haraka zao. Picha ikianza kuruka, simamisha na uchomeke kipande cha karatasi kwenye rili, lile gurudumu lililozungushiwa filamu, pale ilipofika. Panga upya, uonyeshe tena tangu mwanzo. Ikiruka pale pale penye karatasi, ugonjwa uko kwenye filamu: matundu yamechanika au kiungo kimefungwa vibaya. Ikiruka pengine, ugonjwa uko kwenye mashine, na mara tisa katika kumi ni uchafu wa mlangoni.

Uchafu huo nilikutana nao kwa aibu. Mwaka 1968 nilikuwa kijana wa miaka 14, kazi yangu kupeleka rili kwa baiskeli. Filamu inakuja kopi moja, majumba mawili ya sinema yanaitaka usiku ule ule. Basi jumba la pili linaanza baadaye, na rili ya milimita 35 ya futi 2,000, ambayo ni kama dakika 22, ikimalizika kule Vuga naidaka ingali ya moto, naikimbiza Malindi, narudi kuchukua nyingine. Usiku wa Iddi mosi mnyororo ukanitoka pale Darajani. Nikaenda chini, kopo likafunguka, filamu ikajitandaza mchangani kama utumbo wa ng'ombe. Nikaizoa. Nikaifuta kwa kanzu yangu mpya ya sikukuu. Nikaipeleka, na sikumwambia mtu.

Haikupita hata robo saa, picha ikaanza kucheza ngoma. Watu wakapiga miluzi, wengine wakatupa maganda ya njugu mbele ya pazia. Mzee aliyekuwa akiendesha mashine hakunigombeza. Alizima taa, akafungua mlango wa filamu, akanionyesha: mchanga umechanganyika na ule utando laini wa filamu wenye picha, ukaganda reli mbili za mlango kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nikanyanyua bisibisi niukwangue. Hapo ndipo aliponipiga kofi la mkono. Chuma kikikwaruza reli, mkwaruzo ule utachana kila filamu itakayopita mpaka mashine itupwe. Akavunja chelewa kwenye ufagio wa kona, akaitafuna ncha, akauondoa ukoko kwa ile chelewa. Mimi natumia chelewa mpaka leo, isipokuwa sitafuni, nalowesha ncha kwa spiriti.

Na weye fanya vivyo hivyo. Chelewa kwa ukoko, pamba kidogo yenye spiriti kwa mabaki, brashi laini kwa nyuzi na vumbi. Kila baada ya rili moja, si kila baada ya mwezi. Usitie mafuta mlangoni hata tone. Niandikie tena baada ya hapo.

Kila mtu ana sauti ya jitu

*Ami, shikamoo. Kaka yangu aliyeko Marekani kaniletea projekta ya milimita 16 ndani ya kontena. Nimenunua transfoma ya kushusha umeme kama alivyoniambia. Inawaka, picha safi, lakini kila anayezungumza ana sauti ya jitu, na ngoma zinakwenda kwa uchovu. Kopo limeandikwa dakika 50, mie nimetazama kwa saa ya ukutani, saa nzima ndiyo imekwisha. Nina nyumba ya wageni Jambiani na nilitaka kuonyesha ukutani usiku.*

Marahaba, mwanangu. Kwa kutazama saa umenifanyia nusu ya kazi. Dakika 50 kugeuka 60 ni hesabu isiyosema uongo.

Umeme una mambo mawili, na transfoma inashughulikia moja tu. Inashusha volti, kutoka 230 zetu hadi 120 zao. Lakini umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde na wa Marekani mara 60, na hilo transfoma hailigusi. Mota za projekta nyingi za zamani zinafuata mtikisiko huo kama askari anavyofuata ngoma. Iliyotengenezwa kwenda picha 24 kwa sekunde kwao, hapa kwetu inakwenda 20. Mpiga gambusi angelijua kabla ya saa yako: wimbo umeshuka kiasi cha nusu-sauti tatu.

Fungua kifuniko cha upande wa mota, waya ukiwa umechomolewa, utazame puli inayobeba beliti. Mashine nyingi zilizotengenezwa kuuzwa nchi mbalimbali zina puli ya ngazi mbili, nene na nyembamba, moja ya 60 na moja ya 50. Hamishia beliti kwenye ile nene, basi, kazi imekwisha, na soda yangu utaninunulia siku nikija Jambiani. Ukikuta ngazi moja tu, itabidi mwenye mashine ya kukereza chuma akutengenezee nyingine. Kipimo ni sita kwa tano: kama puli ya mota ina kipenyo cha milimita 20 pale beliti inapokaa, mpya iwe na 24. Mpelekee ile ya zamani mkononi, usimpelekee maneno.

Kuhakikisha, pima futi 36 za filamu, tia alama mwanzo na mwisho, uiendeshe. Ikipita kwa dakika moja, mwendo ni sahihi.

Jambo jingine dogo. Iguse transfoma baada ya nusu saa. Ikiwa huwezi kuushikilia mkono juu yake, imezidiwa. Soma kibao cha mashine kinataka wati ngapi, ununue transfoma inayozidi hapo, si inayolingana. Na usiku upepo wa bahari ukivuma, usiiache nje. Chumvi ya Jambiani inakula chuma hata usingizini.

Mafuta ya nazi

*Babu, mashine yetu ilikuwa inalia, tukaitia mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani, ikanyamaza. Sasa asubuhi haitaki kuanza kabisa, ikifika mchana inakubali. Tatizo nini? Vijana wa Makunduchi.*

Tatizo mmelitaja wenyewe. Mafuta ya nazi yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za kusi mnazijua. Mashine yenu inalala na mafuta, inaamka na samli. Ikivuka mwaka yatakuwa gundi, hata mchana haitakubali. Yaosheni yote kwa mafuta ya taa na brashi, nje, mbali na moto, yakauke, halafu mtie mafuta ya cherehani: tone moja kila tundu la mafuta, na kitambaa cha kufutia yaliyozidi. Mabeliti na magurudumu ya mpira yabaki makavu. Nazi itieni kwenye mchuzi.

Herufi zinaota mikia

*Fundi, kwa heshima. Tumerithi jengo, na ndani yake mashine moja ya milimita 35 inayofanya kazi. Majina ya wachezaji, yakiwa meupe juu ya weusi, yanaota mikia kwenda juu, kama moshi wa udi. Kijana wetu anasema ni lenzi. Msomaji, Kiponda.*

Mwambieni kijana aiache lenzi kabla hajaiangusha. Lenzi mbovu hutia ukungu pande zote, haichagui kwenda juu. Mikia ni kazi ya shata.

Sijui mmewahi kulifungua boksi la mafuta nyuma ya mlango wa filamu. Ndani mna kitu ambacho mimi mpaka leo nikikiona natabasamu: nyota ya chuma yenye mifereji minne, mafundi wa Ulaya huiita msalaba wa Malta. Pembeni yake kuna sahani yenye pini moja. Sahani inazunguka bila kupumzika, na kila ikizunguka mara moja pini inaingia kwenye mfereji, inaisukuma nyota robo mzunguko, inatoka. Nyota imefungwa na gurudumu la meno 16, basi robo mzunguko ni meno manne, na meno manne ni picha moja kamili. Inaruka, inatulia, inaruka, inatulia, mara 24 kwa sekunde, miaka na miaka. Hakuna waya, hakuna kompyuta.

Wakati picha inaruka, bawa la shata lazima liwe limeziba mwanga. Shata nyingi zina mabawa mawili: moja linaziba mruko, la pili linakata mwanga katikati ya utulivu ili jicho lipate mimweko 48 badala ya 24 na pazia lisipepese. Shata ikichelewa kuziba, filamu inaanza kuondoka mwanga ungali wazi, na kwa kuwa lenzi hugeuza mambo juu chini, filamu inayoshuka mlangoni inaonekana pazani ikipanda. Huo ndio mkia wenu wa kwenda juu. Mngeuona unakwenda chini, ningesema shata inawahi kufunguka. Ukienda juu na chini pamoja, kuna kitu kimelegea au bawa limepinda.

Zimeni, chomoeni, zungusheni kwa mkono huku mlango uko wazi. Mmoja atazame jino la gurudumu, mwingine atazame bawa. Jino lisianze kutikisika kabla bawa halijaziba tundu la mwanga lote. Kabla hamjalegeza skrubu ya shata, chora mstari wa penseli mahala ilipo sasa, ili mkipotea mpate pa kurudi. Sogezeni kidogo mno, unene wa kucha, kazeni, jaribuni tena kwa majina yale yale meupe. Mimi ilinichukua jioni tatu mara ya kwanza.

Na maadam mko hapo, boksi hilo lina kidirisha cha kioo cha kuonyesha mafuta. Yakiwa meusi na yanameta kama yametiwa poda ya fedha, huo ni unga wa chuma, yabadilisheni leo.

Balbu ndefu ya kioo

*Salaam. Tumenunua taa ya projekta iliyotumika, ndani ina balbu ndefu yenye tumbo katikati, imeandikwa Xenon. Tunataka kuitoa tuisafishe. Inatoka vipi?*

Haitoki. Yaani haitoki kwa mikono yenu. Balbu hiyo imejazwa gesi kwa mgandamizo mkubwa hata ikiwa baridi na imezimwa siku nyingi, na ikiwa ya moto mgandamizo unazidi mara kadhaa. Ikigongwa inapasuka kama bomu, na vipande vyake ni vya kioo kigumu. Anayeigusa huvaa ngao ya uso, koti zito na glavu, na hata yeye haigusi tumboni kwa vidole, kwa sababu jasho la kidole likiungua juu yake linakidhoofisha kioo. Fungeni kifuniko, andikeni USIFUNGUE kwa herufi kubwa, mtafute fundi mwenye vifaa hivyo.

Kopo linanuka siki

*Assalaam alaykum, Babu Fundi. Sisi ni watoto wa marehemu wa Chake Chake. Baba alikuwa akipiga picha za filamu ya milimita 16, mavuno ya karafuu, harusi za ami zetu, na kuna rili moja ya bibi akiwa bado anatembea. Ziko makopo manne. Ili zisiharibike tulizitia karafuu ndani. Sasa ukifungua unapata harufu kali ya siki, na kopo moja kifuniko kimefutuka. Tunataka watoto wazione. Tuziendeshe kwenye projekta ya jirani?*

Waalaykum salaam, wanangu. Msiziendeshe. Si leo.

Hiyo harufu si kama ya siki, ndiyo siki yenyewe. Filamu za zama zile zilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, na plastiki hiyo ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kuachia asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Baya lake ni kwamba asidi ikibaki ndani ya kopo inazidisha kuharibika kwa filamu, nayo filamu inatoa asidi zaidi. Hewa ya Pemba ya masika, ndani ya kopo lililofungwa kwa gundi, kabatini, miaka 40: mngetaka kuiua filamu kwa makusudi msingepata njia bora.

Karafuu zitoeni zote. Najua Pemba karafuu ni dawa ya kila kitu, na mimi mama yangu alikuwa wa Mtambile, sikejeli. Lakini karafuu ina mafuta, na mafuta hayana kazi juu ya filamu. Zilichofanya ni kuwazibeni pua msiinuse siki mapema.

Kwa kuwa ni ya milimita 16, kuna jambo moja la kushukuru: ukubwa huo tangu ulipoanza 1923 ulitengenezwa kwa plastiki isiyowaka kama baruti. Zile za nitrati, zinazowaka hivyo, zilikuwa za milimita 35, na ziliendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 1950. Mkiwa na jirani mwenye makopo makubwa ya zama hizo, asiyafungulie karibu na jiko.

Sasa, pimeni. Filamu yenye asidi hupungua urefu, na matundu yake yanakaribiana mpaka hayaingii tena kwenye meno. Fungueni kipande mezani, kinyoosheni bila kukivuta, mhesabu picha 100. Filamu nzima ya milimita 16 katika picha 100 ina urefu wa milimita 762. Mkipata 754 au chini yake, imepungua asilimia 1, na projekta itaitafuna. Kipimo kiwe cha chuma au cha mbao, si ile tepu ya fundi cherehani iliyovutika. Pimeni kila kopo, maana huenda moja limekufa na tatu ziko hai. Lililo na harufu kali lisikae chumba kimoja na mengine.

Zisizonuka sana zihamishieni kwenye makopo ya plastiki yasiyobana, chumba cha chini chenye hewa na kivuli, si darini penye mabati. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu, vikusanyeni, vitieni humo, mvibadilishe. Zilizopungua zinaweza bado kunakiliwa kwa zile mashine za skana zisizotumia meno, zinazoipitisha filamu kwa magurudumu laini tu. Ulizeni hilo kwanza kabla hamjampa mtu filamu yenu: mashine yako ina meno? Akisema ina meno, rudini nayo nyumbani.

Watoto hawahitaji kungoja hayo yote. Vaeni glavu za pamba, shikeni filamu kwa kingo, mpitishe kipande kipande mbele ya dirisha asubuhi, na lenzi ya kusomea msahafu ya mzee yeyote hapo nyumbani. Picha ya milimita 16 ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, lakini bibi mtamtambua. Mwenye kuwajua watu wa harusi zile akae karibu na daftari, atajie majina na mitaa.

Na lile kopo lililofutuka, lifungulieni uani, upepo ukiwa nyuma yenu.